Mto Uliochorwa kwa Kalamu ya Risasi

Mhadhara uliotolewa Butembo mbele ya walimu, wazazi na wanafunzi

Nawaomba radhi walioketi nyuma, kwa kuwa kitu nilichokuja kuwaonyesha hakizidi upana wa daftari lililofunguliwa, na haitakuwa ajabu wengine wakamaliza saa nzima wakikisikia tu pasipo kukiona. Kitabaki mezani hapa mbele baada ya mazungumzo, na kila apendaye atapita akitazame kwa wasaa wake.

Kitu chenyewe ni picha. Imechorwa kwa kalamu ya risasi, ile ambayo watoto wetu huiita kreyo, juu ya kurasa mbili zinazokabiliana za daftari la hesabu, zile kurasa zenye miraba midogo ya buluu ambayo kila mmoja wetu aliwahi kujifunzia kujumlisha. Aliyeichora ni mwalimu wa shule ya msingi, mtu mzima sasa, ambaye ameniruhusu kuionyesha kwa sharti kwamba jina lake lisitajwe. Aliichora Kirumba, akiwa ameketi juu ya jiwe, akitazama kijito kipitacho chini ya mteremko. Na mwishoni mwa Juni 2024, vita vilipopita Kanyabayonga na kuingia Kirumba, watu wakashika njia ya Lubero na Butembo, daftari lile lilikuwa mfukoni mwake pamoja na sabuni na vyeti vya watoto wake. Hivyo ndivyo lilivyofika hapa.

Kusudi langu leo ni moja. Nataka kuwashawishi kwamba picha tulivu ya mto, isiyo na mfalme, isiyo na askari, isiyo na ajali wala muujiza, yastahili kutazamwa kwa muda ule ule tunaoutoa kwa barua ya mtu tunayempenda, na kwamba ndani yake mna maarifa yetu wenyewe ambayo hatujayaandika mahali pengine popote. Nina hoja nne. Ya pili itakuwa ndefu kuliko zote, kwa sababu ndiyo iliyonitoa nyumbani.

Hoja ya kwanza yahusu maji. Mtu akiulizwa picha hii ni ya nini, atajibu upesi kwamba ni ya mto. Walakini akiutafuta mto kwa ncha ya kidole atagundua kwamba mchoraji hakuuchora. Amechora kingo mbili, mawe manane au tisa, majani marefu yaliyoinama upande mmoja, na daraja. Baina ya kingo hizo ameiacha karatasi kama ilivyotoka dukani, bila mstari hata mmoja. Basi ile miraba ya buluu ya kiwanda, ambayo kwingineko imefunikwa na weusi wa risasi, hapo katikati imebaki wazi, na jicho likirudi nyuma hatua mbili huipokea kuwa maji. Nilimwuliza mwenyewe sababu. Alijibu kwamba kalamu ilikuwa imebaki fupi kama kifundo cha kidole, akaona aihifadhi kwa ajili ya kuwachora watu.

Njia hiyo aliyoifuata kwa uhaba, mabingwa wa kale wa China waliifuata kwa hiari. Iko picha inayonasibishwa kwa Ma Yuan, mchoraji aliyeishi zama za Song, mwishoni mwa karne ya 12 na mwanzoni mwa karne ya 13, nayo yahifadhiwa Tokyo: mvuvi mmoja ndani ya mashua ndogo, mistari michache ya mawimbi karibu na ubavu wa chombo, na kwingineko kote hariri tupu. Hakuna atazamaye akasema kwamba maji yamesahauliwa. Mahali palipoachwa wazi humwachia mtazamaji nafasi ya kuweka ayajuayo, na sisi tunaokaa juu ya safu hii ya milima tuna mengi ya kuweka. Twajua kwamba mvua inyeshayo upande wa mashariki wa vilele vyetu huteremka bondeni hadi Ziwa Edward, ikatoka Ishango kwa mto Semliki, ikaingia Ziwa Albert, na kutoka huko ikafuata Nile mpaka bahari ya Mediterania. Na kwamba ile inyeshayo upande wa magharibi hupita msituni ikauendea mto Kongo na bahari ya Atlantiki. Wingu ni moja na mlima ni mmoja, lakini bahari mbili zangoja chini. Ukiijua habari hiyo, utepe ule mweupe kati ya kingo mbili za penseli hauwi tena mahali patupu.

Sasa niingie katika hoja ya pili, nayo ni kazi.

Picha za namna hii huitwa tulivu, na mara nyingi neno hilo hutamkwa kana kwamba maana yake ni kuwa hakuna linalotendeka ndani yake. Naomba tuitazame hii kwa utaratibu, kuanzia juu ya mto kwenda chini, kama maji yenyewe yaendavyo. Juu kabisa, mahali ambapo kijito chatoka kati ya mawe mawili, msichana amechutama akijaza dumu, au tuseme bido, kama tulivyozoea. Amelilaza ubavu ili mdomo wake uingie chini ya maji. Chini yake, hatua kama 20 kwa kipimo cha picha, vikwembe vitatu vimeanikwa juu ya nyasi, na mama mmoja amepinda mgongo akifua juu ya jiwe bapa. Chini zaidi, baada ya daraja, kuna kidimbwi kilichozungushiwa mawe kwa mkono, na ndani yake vitu virefu vilivyolazwa pamoja. Hiyo ni mihogo. (Naona mama aliyeketi karibu na dirisha ametabasamu, bila shaka ameisikia harufu yake.)

Waheshimiwa, utaratibu huu haukupangwa ili picha ipendeze. Ni sheria. Juu huteka, kati hufua, chini kabisa huloweka, na kila mtoto aliyekulia kando ya mto wa kijiji aliijua kabla ya kujua kusoma, kwa sababu aliyefua juu ya watekaji alisikia maneno ambayo hakuyasahau. Mihogo michungu ina sumu, nayo hutolewa kwa kulowekwa siku tatu au nne; kwa hiyo kidimbwi chake hakiwezi kukaa popote ila chini ya wote. Mwalimu wetu hakuandika neno hata moja juu ya afya wala juu ya ujirani. Alichora mahali pa kila mtu, akawa ameandika kifungu kizima cha sheria ambacho hakimo katika daftari lolote la serikali.

Natazama tena, safari hii darajani. Daraja ni magogo mawili ya mkaratusi yaliyolazwa sambamba. Ukingo wa huku amesimama kijana na chukudu yake, kile kigari cha mbao cha kusukumia mizigo, chenye magurudumu ya mbao yaliyovikwa ukanda wa tairi. Chukudu haina mzigo, na pembeni yake magunia matatu yamewekwa chini. Kwa siku mbili niliitazama picha hii nikidhani kwamba kijana yule anapumzika. Siku ya tatu ndipo nilipoliona gunia la nne, dogo kama punje ya mahindi, limeegemezwa kwenye jiwe la ukingo wa ng'ambo. Maana yake ni kwamba hapumziki hata kidogo: chukudu yenye magunia manne haipiti juu ya magogo mawili, kwa hiyo ameyashusha yote, amekwisha kuvusha moja kwa bega lake, amerudi, na bado ana safari tatu za magunia na moja ya chukudu yenyewe. Katika karatasi isiyosogea mna saa nzima ya kazi, na mchoraji amelitegemea jicho letu kuihesabu.

Mbona basi kijana amesimama? Kwa sababu katikati ya daraja yuko mama mwenye kikapu mgongoni, na daraja ni la mtu mmoja. Kijana amesogea pembeni, hata nusu ya mguu wake wa kushoto imezama katika majani, ili mkubwa wake apite kwanza. Hakuna aliyeamrisha jambo hilo, na kesho lingetendeka vilevile.

Mama huyo ndiye niliyemtazama kuliko wote. Hana uso, mahali pa uso pana mviringo mtupu uliogeukia chini. Kikapu chake chaning'inia kwa kamba iliyopita juu ya paji la uso, kama wabebavyo mama zetu wa milimani, na mikono yake miwili imeishika kamba hiyo kando ya masikio. Mstari wa kamba ni mmoja tu, mfupi kuliko ukucha, lakini kalamu iligandamizwa hapo kwa nguvu kuliko mahali pengine popote pa picha, hata ukiigeuza karatasi ukapitisha kidole nyuma yake utaukuta umetuna. Nitawaruhusu baadaye kuugusa upande huo wa nyuma. Upande wa mbele tafadhalini msiuguse, kwa sababu risasi hufifia ikisuguliwa. Mimi sijui namna bora ya kueleza uzito. Yule msichana wa juu, bido lake likiwa la lita 20, atapanda mlima na kilo 20 za maji, na tarakimu hiyo twaweza kuifundisha darasani; lakini uzito wa mama wa darajani watoto wangu, nilipowapa karatasi waiguse nyuma, waliufahamu kwa ncha ya kidole, nao hawakusema neno.

Hii ndiyo sababu nashikilia kwamba utulivu wa picha hii umetengenezwa na kazi ya watu wengi wanaofahamiana. Mto umetulia kwa kuwa kila mmoja yuko mahali pake na anajua zamu yake. Siku ambayo hakuna mtu mtoni, ninyi mliopita njia ile mwaka 2024 mwafahamu kuliko mimi, mto haututulizi, hututia hofu.

Hoja ya tatu ni ya nasaba. Wako watu, tena wasomi, wanaodhani kwamba kuchora mandhari na maisha ya kila siku ni desturi iliyotujia na shule za Wazungu, na kwamba mwalimu wetu wa Kirumba ni mgeni katika nyumba ya wenyewe. Nawajibu kwa mifano.

Mwaka 1950, Ishango, pale ambapo Semliki huliaga Ziwa Edward, Mbelgiji Jean de Heinzelin alifukua mfupa mdogo wenye chanjo zilizopangwa katika mafungu, na umri wake hukadiriwa kuwa kama miaka 20,000. Leo umehifadhiwa Brussels. Wataalamu hawajaafikiana maana ya chanjo hizo: wengine husema ni hesabu, wengine husema ni kalenda ya mwezi. Mimi sitaingia katika ugomvi wao. Lililo yakini ni kwamba wakazi wa pale walikuwa wavuvi, chusa zao za mifupa zimepatikana, na mmoja wao aliketi karibu na maji yale yale yanayopokea mvua yetu, akapanga mistari juu ya kitu alichoweza kukishika mkononi.

Tuje karibu na wakati wetu. Mwaka 1926, huko Bukama, kando ya Lualaba, ofisa Mbelgiji aitwaye Georges Thiry aliona nyumba ambazo kuta zake zilikuwa zimepambwa kwa picha, akamtafuta mchoraji, akampata Albert Lubaki, aliyekuwa mchongaji wa pembe za ndovu. Alimpa karatasi na rangi za maji, na mkewe Lubaki, Antoinette, naye akachora. Mwaka 1929 kazi za Lubaki zilionyeshwa Brussels, na mwaka uliofuata zikaonyeshwa Geneva. Naomba mlizingatie jambo moja: Thiry hakumfundisha Lubaki kuchora. Alimpa karatasi. Kuta za Bukama zilikwisha kwa mvua na wakati, na tunachokijua leo ni kile kilichoangukia juu ya karatasi.

Mwaka 1946, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana yake mjini Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, iliyokuja kujulikana kwa jina la Hangar, naye hakutaka wanafunzi wake waige picha za Ulaya. Humo alitokea Pilipili Mulongoy, fundi wa samaki na ndege, ambaye alijaza karatasi yote kwa mistari midogo midogo pasiachwe upenyo. Nampenda Pilipili, na samaki wake wang'aa kama waliotolewa majini sasa hivi; lakini nikiulizwa ni mto upi ningetaka kukaa ukingoni mwake, ningechagua ule wa mwalimu wetu, kwa sababu umeniachia mahali pa kuketi.

Na baada ya Pilipili walikuja wachoraji wa mitaani wa Lubumbashi na miji ya migodi, ambao miaka ya 1970 waliuza picha kwa wafanyakazi wa kawaida, zikatundikwa sebuleni. Nyingi zilichorwa juu ya nguo ya magunia ya unga. Tshibumba Kanda-Matulu alichora historia yote ya nchi; wengine walichora kijiji cha mababu, mitende, mtumbwi na mto. Wachoraji na wanunuzi wao walikuwa na neno moja la Kiswahili kwa picha hizo, nalo ni ukumbusho. Neno hilo halikutoka chuoni. Lilisemwa na watu waliotaka kitu ukutani cha kuwakumbusha walikotoka, ili mgeni akiingia mazungumzo yapate pa kuanzia.

Majirani zetu nao hawakuwa nyuma. Sam Ntiro, mzaliwa wa Kilimanjaro mwaka 1923, aliyesoma na kufundisha Makerere, alitumia maisha yake kuchora Wachagga wakilima, wakivuna, wakibeba. Picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku, imo katika Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York. Tanganyika ilipopata uhuru alipelekwa London kuiwakilisha nchi yake. Mtu aliyechora vibuyu vya pombe ya ndizi hakuonekana kuwa mdogo kwa ubalozi.

Hoja ya nne ni fupi, na imetoka kwa rafiki yangu aliyeniuliza jana, kwa uchungu ambao siwezi kuudharau: utawaonyeshaje watu waliokimbia makwao picha ya kijito cha amani? Huo si uongo?

Nalichukua swali lake kwa uzito wote. Ni kweli kwamba picha hii imechagua. Upande wa kulia kuna njia inayopanda mlima, nayo imekatika ghafla kabla ya kufika ukingo wa karatasi. Mwalimu aliniambia kwamba hapo, siku ile, palikuwa na kizuizi cha watu wenye silaha, naye hakutaka kukichora. Kwa maoni yangu, na nimemwambia mwenyewe, angekichora. Mama yule wa darajani alikuwa akienda huko na kikapu chake, na kuinama kwake kungetufahamisha zaidi. Lakini hakudanganya. Aliiacha njia imekatika, hakuipambia maua wala kuipeleka mahali pengine, na mwenye macho huuliza inakwenda wapi. Picha zinazotupeleka duniani, za magodoro vichwani na watoto barabarani, ni za haki na lazima zipigwe. Ila aliyeziona hizo peke yake atajua kwamba tumepoteza, asijue ni nini. Gunia la nne, jiwe la kufulia, kijana aliyesogea pembeni: hivyo ndivyo tulivyokuwa navyo, na hivyo ndivyo tunavyodai turudishiwe.

Mabibi na mabwana, sitawachosha. Nina maombi mawili kabla ya kushuka.

La kwanza ni kwa walimu. Kila shule iwe na sanduku moja la mbao, liwekwe mbali na moshi na mchwa, na kila mwaka wanafunzi wa darasa la sita wauchore mto ulio karibu na kwao, kila mtoto mara moja, kwa kalamu aliyo nayo. Karatasi zilazwe bapa, zisikunjwe. Nyuma ya kila moja iandikwe kwa kalamu ya risasi jina la mahali, siku, na jina la njia inayoonekana. Gharama yake haizidi bei ya daftari, na baada ya miaka 10 tutakuwa na hazina ambayo hakuna mtu atakayetuandikia kutoka mbali.

La pili ni kwenu mliotoka Kirumba, Kayna na Kanyabayonga. Piteni mezani mmtazame yule kijana na magunia yake, kisha mtuambie tulipokosea: kama daraja lilikuwa la magogo matatu, kama mihogo haikulowekwa hapo, kama jiwe la kufulia lilikuwa na jina. Mwalimu mwenyewe ameketi katikati yenu, na amesema atasahihisha. Nimeweka karatasi 40 na kalamu 12 juu ya meza ile ya nyuma, na wenye ukumbi wamekubali kuacha mlango wazi mpaka saa kumi na mbili ya jioni.